Walioanza Upya Mbele ya Hadubini

Mwaka 1876 kijana mmoja wa Connecticut, William Henry Welch, alipanda meli kwenda Ulaya. Shahada ya udaktari alikwisha kuipata New York mwaka uliotangulia, na angeweza kufungua chumba chake cha kutibia watu kama walivyofanya wenzake. Ila Marekani ya wakati ule haikuwa na pahali pa maana pa kumfundisha daktari kusoma ugonjwa kwenye kipande cha nyama. Patholojia, yaani elimu ya kutambua ugonjwa kwa kuchunguza viungo, tishu na maji ya mwili, ilikaa Ujerumani. Welch akaenda Leipzig, kisha Breslau kwa Julius Cohnheim, mwanafunzi wa Rudolf Virchow mwenyewe, bingwa mkuu wa fani hiyo Ujerumani. Aliporudi mwaka 1878, Bellevue, hospitali ya umma ya New York, ilimpa vyumba vichache na meza za jikoni, naye akaanzisha humo maabara ya kufundishia. Miaka sita baadaye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore kilimchukua awe profesa wake wa patholojia.

Hakuna aliyemuuliza Welch kama mafunzo ya Breslau yanatambuliwa nyumbani. Swali lenyewe lingechekesha. Kwa kizazi chake, wa kutiliwa shaka alikuwa yule asiyewahi kuvuka bahari.

Leo mambo yamegeuka. Daktari aliyesomea patholojia Dar es Salaam, Mumbai au Buenos Aires, akasaini majibu ya vinyama kwa miaka na kufundisha wengine, akihamia Marekani hurudishwa darasani. Njia ya kawaida ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa Bodi ya Patholojia ya Marekani humtaka awe amemaliza mafunzo ya ubingwa katika hospitali iliyoidhinishwa Marekani kwenyewe, au Kanada. Mtihani ni mgumu, hilo hakuna anayebisha. Lakini kikwazo cha kwanza cha madaktari hawa huja kabla yake, kwenye fomu inayouliza: ulifunzwa wapi, na nani aliidhinisha hospitali hiyo?

Mlango ulianza kugeuka mwaka 1910, na aliyeusukuma kwanza hakuwa daktari. Abraham Flexner alikuwa mwalimu wa shule. Alitumwa na taasisi ya Carnegie kukagua vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, akavipitia 155, na taarifa yake ilivianika vingi kuwa maduka ya kuuza shahada: vyuo visivyo na maabara, visivyo na wagonjwa wa kufundishia, vinavyompokea yeyote mwenye ada. Ndugu yake Simon Flexner alikuwa mwanapatholojia, mwanafunzi wa Welch, na chuo ambacho Abraham alikitumia kama kipimo cha vingine vyote kilikuwa Johns Hopkins. Kwa hiyo elimu ya Kijerumani iliyoletwa na Welch ndiyo iliyokuwa rula ya kupimia vyuo vya Marekani. Vyuo dhaifu vikafungwa kimoja baada ya kingine, na kufikia miaka ya 1920 madaktari wa nchi ile walianza kuamini kwamba hawana tena cha kujifunza ng'ambo.

Wanapatholojia wenyewe walikuwa na kidonda kingine. Katika hospitali nyingi walitazamwa kama watu wa mochwari, wakilipwa kidogo na kuketishwa ghorofa ya chini, huku maabara za kibiashara zikiendeshwa na watu wasio madaktari na kuuza majibu kwa bei ya kutupa. Mwaka 1922 baadhi yao walikutana St. Louis wakaunda chama cha wanapatholojia wa kliniki. Mwaka 1936 chama hicho, pamoja na kitengo cha patholojia cha Chama cha Madaktari cha Marekani, kikaunda Bodi ya Patholojia. Haikuwa ya kwanza kwa aina yake. Madaktari wa macho walikuwa wametangulia tangu 1916. Kama ilivyokuwa desturi ya bodi za wakati huo, wakongwe waliokuwa kazini kwa muda mrefu walipewa vyeti bila kutahiniwa. Mtihani ulikuwa wa watakaokuja.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji maelezo kidogo hapa. Tanzania, Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili daktari na pia humtambua kuwa bingwa. Kenya nako baraza moja hufanya yote mawili. Marekani imeyatenganisha. Leseni hutolewa na jimbo na ni sharti la kisheria. Cheti cha ubingwa hutolewa na bodi ambayo si ya serikali, na kwa maandishi ni cha hiari: daktari mwenye leseni ya jimbo anaweza kutibu bila cheti hicho. Kwa vitendo hospitali hukiuliza, bima hukiuliza, na mawakili mahakamani hukiuliza kwa sauti zaidi. Mgeni basi ana milango miwili mbele yake, na funguo zake hazifanani.

Bodi ilizaliwa katika miaka mibaya. Mwaka 1933 Wanazi walianza kuwafukuza Wayahudi kutoka vyuo vikuu vya Ujerumani, na mwaka 1938 wakaimeza Austria. Vienna, ambayo kwa karne nzima ilikuwa moja ya miji mikuu ya patholojia duniani, ilimwaga mabingwa wake. Philipp Schwartz, mwanapatholojia mzaliwa wa Hungaria aliyefukuzwa Frankfurt, alikimbilia Zürich, akaanzisha shirika la kuwatafutia kazi wasomi waliofukuzwa, na mwaka huohuo wa 1933 akakubaliana na serikali ya Uturuki iwapokee kwa makumi katika Chuo Kikuu cha Istanbul. Yeye mwenyewe akawa profesa huko. Marekani alifika miaka ya 1950, na kituo chake cha kazi kikawa hospitali ya jimbo ya wagonjwa wa akili mjini Warren, Pennsylvania.

Marekani ya miaka ya 1930 iliwatazama wakimbizi hawa kwa jicho la mfanyabiashara aliyeona duka jipya likifunguliwa mtaani kwake. Ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi, na madaktari wenyeji walihesabu wagonjwa wao mmoja mmoja. Majimbo mengi yaliweka sharti la uraia kwa anayetaka leseni, na uraia ulichukua miaka mitano kupatikana. Mtu aliyeongoza idara Berlin aliweza kujikuta akisubiri miaka hiyo bila kuruhusiwa kumpima mgonjwa homa.

Maabara ilikuwa upenyo. Kinyama kilicholowekwa kwenye fomalini hakiulizi lafudhi ya anayekisoma, na mtafiti aliyekaa nyuma ya hadubini hakuhitaji kila mara leseni anayoihitaji daktari wa wodini. Hans Popper alitoroka Vienna mwaka 1938, akapata nafasi ya utafiti katika hospitali ya Cook County, Chicago. Hakuwa kijana, alikuwa na miaka thelathini na minne na jina tayari. Akasoma tena, akachukua shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois, akapanda hadi kuongoza patholojia pale Cook County, na mwaka 1957 akahamia Mount Sinai, New York. Madaktari wa ini duniani kote humhesabu miongoni mwa waasisi wa fani yao. Pale Mount Sinai alimfuata Paul Klemperer, Mviennese mwingine aliyekuwa amewahi kuhama mapema, mwaka 1921, kabla milango haijabana, na ambaye mwaka 1942 aliwapa madaktari dhana ya magonjwa ya kolajeni.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya fani hii iwapokee wageni, nayo haina utukufu wowote: kazi ilikuwa nyingi na Wamarekani hawakuitaka. Hospitali ya kufundishia iliyotaka kubaki na ithibati ilitakiwa kuzifanyia uchunguzi maiti za robo ya waliofia humo, na hospitali za kawaida asilimia 20. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1971. Hadi wakati huo lilihitaji mikono, na mikono ya vijana wa Harvard ilikuwa inakimbilia upasuaji.

Baada ya vita hospitali za Marekani zilipanuka, na nafasi za mafunzo zikawazidi kwa maelfu wahitimu wa nchi yenyewe. Sheria ya mwaka 1948 ya kubadilishana wageni kielimu ilifungua njia ya visa. Madaktari wakamiminika kutoka Ufilipino, India, Iran, Amerika ya Kusini. Wengine walikuwa mahiri, wengine hawakuwa, na hospitali hazikuwa na namna ya kujua. Mwaka 1956 likaundwa shirika linalojulikana hadi leo kwa kifupi cha ECFMG, lenye kazi ya kuhakiki shahada za wageni na kuwapa mtihani. Machi 1958 watu wasiofika mia tatu walikaa kuufanya kwa mara ya kwanza. Tangu hapo mgeni akawa na matundu matatu ya kupita: cheti cha ECFMG ili aingie hospitalini, mafunzo ndani ya hospitali ili aruhusiwe na bodi, na mtihani wa bodi ili aitwe bingwa. Tundu la katikati ndilo refu.

Juan Rosai alilipita. Alizaliwa Italia mwaka 1940, akakulia Argentina, akasomea udaktari Buenos Aires na kuanza patholojia Mar del Plata kwa Eduardo Lascano. Akaenda St. Louis kwa Lauren Ackerman, mwalimu aliyekuwa na kitabu maarufu cha patholojia ya upasuaji, akaanza kama mwanafunzi wa ubingwa. Huko alikutana na Ronald Dorfman, aliyetoka Johannesburg. Mwaka 1969 wawili hao walieleza ugonjwa wa tezi za limfu ambao sasa unabeba majina yao yote mawili. Kitabu cha Ackerman nacho kikaishia kuitwa cha Rosai na Ackerman, jina la Muajentina likitangulia.

Lakini mfano unaoshinda yote umo kwenye begi la kila mwanafunzi wa udaktari, awe Muhimbili, Nairobi au Makerere. Kitabu kizito cha patholojia ambacho wanafunzi hukiita "Robbins" tu kiliandikwa mara ya kwanza na Stanley Robbins, mzaliwa wa jimbo la Maine, mwaka 1957. Aliyejiunga naye baadaye, Ramzi Cotran, alizaliwa Haifa akasomea udaktari Beirut. Toleo la saba lilipotoka, lenye mwaka 2005 usoni, Robbins na Cotran walikwisha kufariki, na wahariri walikuwa watatu: Vinay Kumar, aliyesoma Amritsar na Delhi, Abul Abbas, aliyesoma Bombay, na Nelson Fausto, aliyesoma São Paulo. Katika miaka hiyo Kumar alikuwa mkuu wa idara ya patholojia Chuo Kikuu cha Chicago, Abbas San Francisco, Fausto Seattle. Kitabu kilichofundisha patholojia ya Kimarekani duniani kote hakikuwa na mhariri hata mmoja aliyepata shahada yake ya kwanza ya udaktari Marekani.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake humu, na haukuandikwa na wahamiaji wa upande mmoja tu. Jack Davies, Mwingereza aliyejenga patholojia ya Makerere na kuanzisha rejesta ya saratani ya Kampala mwaka 1951, aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenda kuwa profesa Albany, New York. Kabla hajaondoka alifanya kazi katika hospitali ya Mulago na Gregory O'Conor, mwanapatholojia wa Marekani aliyefika Kampala mwaka 1958. Wakati Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, akizunguka kuhesabu watoto wenye uvimbe wa taya, O'Conor na Davies ndio waliopanga vioo vya hadubini vya Mulago na kuonyesha kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumboni ni ugonjwa mmoja, saratani ya limfu. Maarifa yaliyovuka bahari katika miaka hiyo yalikuwa yamepatikana mezani Kampala.

Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilitangaza kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari, na kwa sheria hiyohiyo likabana visa za wageni. Mitihani ikafuatana kama treni: mmoja wa visa mwaka 1977, mwingine mwaka 1984, kisha katika miaka ya 1990 ukaja mtihani wa leseni wa USMLE, unaofanywa na wenyeji na wageni kwa pamoja. Hilo la mwisho lilikuwa jambo la haki kuliko yote yaliyotangulia, maana aliyesoma Kampala na aliyesoma Boston walipimwa kwa mtihani uleule. Cha ajabu ni kwamba usawa huo haukufupisha mafunzo hata kwa siku moja.

Ni miaka mitatu kwa anayetaka patholojia ya tishu peke yake, minne kwa anayeunganisha na patholojia ya maabara ya damu, kemia na vijidudu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa karne hii, bodi iliongeza mwaka mwingine juu ya hiyo, kisha ikauondoa. Anayefika na shahada yake ya uzamili ya ubingwa, MMed, aliyoisotea miaka mitatu au zaidi nyumbani, hupanga foleni na vijana waliomaliza chuo juzi, na mshahara wake ni wa mwanafunzi. Faida aliyonayo ni kwamba foleni hii ni fupi kuliko nyingine: wahitimu wa vyuo vya udaktari vya Marekani huacha sehemu kubwa ya nafasi za patholojia bila kuzijaza, huku kwenye ngozi au mifupa mgeni asithubutu hata kuchungulia.

Bennet Omalu alipita njia hiyo bila mkato. Alimaliza udaktari Nigeria mwaka 1990, akafika Marekani mwaka 1994, akafanya mafunzo ya patholojia Harlem, New York, kisha akaenda Pittsburgh kujifunza uchunguzi wa vifo na ubongo. Mwaka 2002 alipasua mwili wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, akaona kwenye ubongo wake madhara ambayo hakuna aliyekuwa akiyatafuta. Makala yake ya 2005 iliiudhi ligi yenye pesa nyingi kuliko zote nchini humo, na madaktari wa ligi wakataka ifutwe. Katika mabishano yale vyeti vya bodi vya Omalu vilikuwa na uzito, kwani haikuwezekana kumwita mgeni asiyejua kazi. Hapo hata mkosoaji mkali wa mfumo ule anapaswa kukubali kwamba karatasi ile, kwa mtu wa jina la kigeni, ni ngao.

Kisa cha ajabu kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Mgiriki. George Papanicolaou alisomea udaktari Athens, akachukua uzamivu Munich, akashuka New York mwaka 1913 bila Kiingereza cha kutosha. Aliuza mazulia katika duka la Gimbels, na mkewe Andromachi alishona vifungo humohumo. Baadaye Cornell ikamwajiri katika anatomia. Huko, kwa kuchunguza chembechembe chini ya hadubini siku baada ya siku, alibuni kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi ambacho kliniki zetu hukiita kwa kipande cha jina lake, Pap. Alikieleza mara ya kwanza mwaka 1928, wenzake wakakipuuza, akachapisha kitabu mwaka 1943, wakakubali.

Kipimo kilipoenea kikawa biashara. Mwaka 1987 gazeti la Wall Street Journal lilifichua maabara zilizowalipa watumishi kwa idadi ya vioo, wakisoma mamia kwa siku, wengine wakipeleka vioo nyumbani kuvisoma jioni. Wanawake walikuwa wameambiwa wazima, kumbe saratani ilikuwa ikionekana kwenye kioo na hakuna aliyetazama. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya maabara, na kanuni zake zikaweka kikomo cha vioo 100 kwa saa 24 kwa msomaji mmoja. Zikaeleza pia nani anaruhusiwa kusimamia usomaji: daktari mwenye leseni aliyethibitishwa na Bodi ya Patholojia ya Marekani au ile ya madaktari wa osteopathi, tawi jingine la udaktari la Marekani, au mwenye sifa zinazolingana na za kuthibitishwa huko.

Cheti cha hiari kikawa kimeingia kwenye kanuni za serikali kuu, tena kwa ajili ya kipimo cha daktari wa Athens ambaye kazi yake Cornell ilikuwa kufundisha anatomia.

Bodi yenyewe, yenye makao Tampa, Florida, iliendelea kukaza. Kwa miaka mingi watahiniwa walisafiri hadi Tampa kukaa mbele ya hadubini zilizopangwa kwa ajili yao. Vyeti vilivyokuwa vya maisha, mwaka 2006 vikawa vya miaka kumi na masharti ya kujiendeleza.

Mlango wa majimbo, kwa upande mwingine, umeanza kulegea. Mwaka 2023 Tennessee ilipitisha sheria inayomruhusu daktari aliyefunzwa nje ya nchi kupata leseni ya muda bila kurudia mafunzo ya ubingwa, akifanya kazi chini ya uangalizi katika hospitali yenye wanafunzi wa ubingwa, kisha kupewa leseni kamili. Majimbo mengine yamefuata, yakisukumwa na upungufu wa madaktari vijijini. Bodi ya madaktari wa mionzi tayari ilikuwa na njia inayokaribia hiyo: bingwa wa mionzi aliyefunzwa ng'ambo akikaa miaka minne mfululizo katika idara moja ya kufundishia, anaweza kuruhusiwa kutahiniwa.

Sheria za majimbo haziwezi kuiagiza bodi. Bingwa wa patholojia anayefika Nashville na leseni mpya mkononi anaweza kukuta hospitali inamhitaji, jimbo limemruhusu na kinyama kiko tayari mezani, lakini fomu ya Tampa bado inamuuliza alimaliza mafunzo mwaka gani, katika hospitali ipi, na nani aliiidhinisha.